Hadithi ya Shimo, Kuanzia Asubuhi

Lulimba, kambini, Jumapili baada ya chakula

Feza, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu jina lako ni la mama yangu, na leo nataka unisikilize kama yeye alivyonisikiliza kila nilipovunja kitu. Wasalimu wote wa nyumbani, usimruke hata mmoja. Shofa Amisi amesema lori lake litaondoka hapa kesho alfajiri, litapita Lubondja na Fizi, litalala Baraka, na kesho kutwa lori hilohilo ndilo litakalokuchukua wewe na sanduku lako mpaka Uvira, kwenye shule ya walimu. Kwa hiyo barua hii itakufikia jioni yako ya mwisho nyumbani. Isome kabla hujafunga sanduku.

Mambo ya nguo, sabuni na kujiangalia mjini mama yako amekwisha kuyasema, na ataendelea kuyasema mpaka ngurumo ya lori imzidi sauti. Sina la kuongeza. Nataka kujibu ulichoniuliza.

Barua yako ninayo hapa juu ya goti. Uliandika hivi: "Baba, walimu wametuagiza kila mwanafunzi mpya afike na hadithi aliyoiandika mwenyewe. Watu wote wanasema baba yangu ni fundi wa hadithi. Nifundishe hadithi inatengenezwa na nini. Mimi nimekwisha kuchagua. Nitaandika ile ya shimo, namna ulivyomchimbua Lumona kwa mikono, na namna Asukulu alivyokimbia."

Mara ya kwanza niliisoma nikicheka peke yangu kwa furaha, kwa sababu ya lile neno fundi. Mara ya pili nilifika kwenye jina la Asukulu nikaikunja. Tangu siku hiyo imekaa mfukoni mwangu, inapata jasho kazini pamoja nami.

Nitakujibu mambo yote mawili, hadithi inatengenezwa na nini, na ile ya shimo. Uuvumilie mkono wangu. Nilisoma miaka mitatu tu, halafu nikashika sururu, na vidole vya sururu havipendi kalamu.

Hadithi hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza hapa kambi ya wachimbaji kwa kuwaandikia barua wasiojua kuandika. Siku moja alikuja jirani yangu Alimasi, mwembamba kama mpini.

"Etabo, niandikie bibi yangu, mama ya watoto. Andika: mi naumia sana."

"Unaumia wapi?"

"Pote."

"Pote haiandikiki. Nionyeshe."

Akasimama, akajitazama tangu kifua mpaka miguu. "Basi andika suruali ile alinishonea, sasa naifunga na kamba."

Tuliandika hivyo, hatukuongeza neno. Lori lililofuata lilileta kapu la ndakala, wale samaki wadogo wakavu, na sombe, majani ya muhogo yaliyokaushwa. Alimasi akala akanenepa, akarudi kwangu na karatasi nyingine. "Sasa tutaandika nini, ndugu? Kamba haifiki tena."

Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokijua. Ukiandika "anaumia", msomaji atakubali tu kwa adabu. Ukiandika kamba ya suruali, atainuka kutafuta kapu.

Kitu cha pili nilikipata Jumamosi moja, nikiwasimulia wenzangu hadithi ya chui. Nilikuwa nimefika mahali pazuri, chui anakaribia, ndipo mmoja akapaza sauti: "We Etabo! Juma lililopita chui yako ilikuwa na jicho moja. Leo iko na mawili?"

"Ilienda kwa daktari wa kampuni," nikajibu.

Walicheka sana, lakini hadithi ilikuwa imekufa, na hata mimi sikuweza kuifufua. Ukimweka mtu ndani ya hadithi, Feza, mkumbuke. Jicho ulilomnyima mwanzoni lazima limsumbue mpaka mwisho. Tena awe anataka kitu, hata kama ni maji ya kunywa tu. Sungura asiyetaka kitu ni nyama tu. Na mahali usipataje kwa sababu ni pazuri. Mto uutaje kwa kuwa kuna mtu atauvuka au atashindwa kuuvuka. Sisi wachimbaji hatuna shida kujua hilo, kwa sababu kwetu ardhi ndiyo inayoamua nani atatoka jioni.

Hayo ni mepesi, na walimu wako watakueleza vizuri kuliko mimi. Kuna jambo zito zaidi, nalo nililijua kwa kosa. Ni hili: hadithi inaanzia wapi, inaishia wapi, na nani ameshika taa. Mwenye taa shimoni huelekeza mwanga kwenye ukuta anaoutaka yeye. Ukuta mwingine upo palepale, ila hakuna aliyeuona.

Sasa nakuambia ile ya shimo.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita vya Wazungu kuisha. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kusema. Kundi letu lilikuwa la watu watatu. Mimi nilikuwa kichwa cha kundi. Wa pili alikuwa Asukulu, tuliyetahiriwa naye siku moja, tukalala kwenye majani mamoja mpaka tukapona. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni kwenda kwa mganga wa misioni ulipokuwa na homa, nami nilikuwa kazini. Wa tatu alikuwa Lumona, kijana aliyekuwa ameoa mavuno yaliyopita. Kazi yetu ilikuwa kuchimba shimo kando ya mto mpaka kufikia changarawe yenye dhahabu. Kuta za shimo zilishikiliwa na miti.

Asubuhi ile, kabla hatujaingia, Asukulu aligonga mti mmoja kwa mgongo wa panga. Akasikiliza. Akagonga tena.

"Ndugu, muti hii imepasuka. Tusiingie mpaka tuibadilishe."

"Imepasuka tangu juzi," nikasema, "na sisi tuko wazima."

"Juzi mvua haikunyesha."

Kundi la jirani, watu waliotoka mbali sana, walikuwa wamesimama wanatusikiliza. Mmoja wao akamwita Asukulu msimamizi, "Kapita wa miti! Etabo, watu wako wanaogopa kijiti?" Wenzake wakacheka. Na mimi, Feza, sikuweza kuuvumilia ule mcheko. Kila nikitafuta sababu nyingine sipati. Nikamwambia Asukulu kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Kama unaogopa, nenda pori ukate muti mupya. Sisi wanaume tutafanya kazi."

Alichukua panga, akamgeukia Lumona, akasema, "Kaa karibu na ngazi, mudogo wangu." Kisha akaenda.

Lumona alikaa karibu na ngazi. Mimi ndiye niliyemwondoa pale. Nilimwambia changarawe nzuri iko pembeni, aende pembeni. Yeye akaenda, kwa kuwa mimi nilikuwa kichwa. Mimi nikapanda juu kunywa maji. Kibuyu kilikuwa bado mdomoni ukuta ulipoanguka.

Kuchimba, nilichimba. Hilo ni kweli, na zile kucha mbili ulizokuwa ukiziuliza ulipokuwa mdogo ziliota zimepinda vile kwa sababu ya siku hiyo. Watu wa kundi la jirani walikuja, tukachimba pamoja, tukamtoa, akiwa amekwisha kufa. Tulipokuwa tunamlaza, Asukulu alitokea mbio kutoka pori, mti mpya begani. Alisimama. Aliendelea kuushika mti ule muda mrefu kama mtu asiyejua pa kuuweka. Sikusikia "nilikuambia" kutoka kinywani mwake siku ile, wala siku nyingine yoyote. Baadaye nilisikia kwamba Mzungu wa kampuni alipomuuliza kosa lilikuwa la nani, alijibu, "Mvua."

Asukulu alibaki kwa maziko na kwa maswali ya Wazungu. Mimi nilitumwa kupeleka habari nyumbani.

Desturi ya kwetu unaijua kwa kuisikia, lakini wewe ni mwanamke na hukuwahi kuketi lubunga, pale wanaume wanapokutana jioni, kila mke akileta sahani yake na wote wakala pamoja. Anayetangulia kufika kutoka safari ndiye mwenye habari. Anasimama, anaisema, wengine wanaipokea. Anayekuja nyuma yake haulizwi upya. Anaulizwa tu kama ni hivyo. Na matanga yakiwapo, hakuna kubishana juu ya marehemu.

Nilisimama. Nilianza hivi: "Wazee, udongo umetuangukia."

Ona nilipoanzia, Feza. Asubuhi yote niliiacha nje ya mlango.

Nilisema namna ukuta ulivyoshuka, namna nilivyochimba, nikaonyesha vidole. Mzee Mlondani, aliyekuwa mkubwa wa lubunga, akauliza, "Mulikuwa wangapi?"

"Watatu."

"Lumona iko ndani, we unachimba. Wa tatu iko wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja. Ningeweza kusema, "Nilimtuma mimi." Nikasema, "Hakuwapo."

Wote wakaguna, "Aaa."

Katika habari yote ile sikutia neno moja la uongo. Nimeipekua miaka hii yote, neno kwa neno, na kila neno ni kweli. Uongo ulikuwa mahali nilipoanzia na mahali niliponyamaza. Na nitakuambia jambo la aibu zaidi. Niliposikia ile "Aaa" nilihisi hadithi imekaa sawa, kama mlango unapoingia kwenye fremu yake. Ilikuwa na mtu mwema, ilikuwa na mwoga, ilikuwa na marehemu. Wasikilizaji walishiba. Mama yake Lumona alikuja akanishika mikono, akanipaka mafuta ya mawese kwenye vidole, kimoja kimoja, akilia. Nilimwachia anipake.

Asukulu alifika siku ya nne. Mzee Mlondani akamuuliza mbele ya watu, "Ukuta ulipoanguka, ulikuwapo?"

"Sikuwapo," akasema, kwa kuwa ni kweli. Kisha akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananipa zamu yangu ya kusema. Nikainama, nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jioni ile mke wake, Mama Bitisho, alileta sahani kama wake wengine. Bugali na samaki wa kukaanga. Hakuna aliyeisukuma. Mikono ilipita juu yake ikaenda kwenye sahani nyingine. Mkono wangu ulipita pia. Mama Bitisho alipokuja kuichukua aliikuta imejaa, akairudisha nyumbani imejaa. Jioni ya pili hivyohivyo. Jioni ya tatu alikuwa ameweka samaki wakubwa zaidi. Maskini, alidhani kosa ni la chakula. Kesho yake walifunga mizigo wakahamia Mboko, kwa watu wa upande wa mama yake Asukulu. Hawajarudi.

Tangu hapo hadithi ilikua kama mtoto anayelishwa vizuri. Nilipoisimulia kwenye arusi, Asukulu alikuwa amekwisha kuuona ukuta ukitikisika. Nilipoisimulia tena alikuwa amerukia ngazi akakimbia. Hapo ndipo neno la uongo la kwanza lilipoingia, na sikulisikia likiingia, kwa sababu mlango ulikuwa wazi tangu lubunga. Na wewe, ulipokuwa na miaka sita au saba, ulikuwa ukikimbia kuzunguka uwanja, magoti juu, macho umeyatoa, ukipiga kelele, "Mi Asukulu! Mi Asukulu!" Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi baba yako nilicheka nao. Mama yako hakucheka. Sikumwuliza kwa nini, nami nadhani anajua zaidi ya anavyosema.

Utaniuliza kwa nini sikwenda Mboko miaka yote hii. Nimekuwa nikijiambia kazi hainipi ruhusa. Lakini ruhusa nimepata mara tatu. Mara moja nilipita palepale Mboko ndani ya lori, nikienda Uvira. Nilimwona kando ya barabara anaanika wavu, mvi zimemjaa. Nilishusha kofia mpaka puani. Nikajiambia shofa ana haraka. Shofa alisimama pale muda wote wa kuuza mifuko mitatu ya unga.

Nilikuwa nimezoea, mwanangu. Nilidhani hadithi ya mdomo itazeeka pamoja nasi na tutazikwa nayo. Barua yako ndiyo iliyonitoa usingizini. Wewe utaiandika kwa wino, kwa mwandiko wako mzuri, walimu wataisifu, nawe ukiwa mwalimu utawasomea watoto. Mtoto wa miaka mingi ijayo atajifunza kusoma kwa kuitaja silabi moja moja, A-su-ku-lu, mwoga. Hilo siwezi.

Sikuambii uache kutunga. Ukitaka kutunga, tunga, na usiwe na hofu. Tunapoanza hadithi ya sungura kila mtu amekaa akijua tunakwenda wapi. Amekubali, na akitaka anaweza kuondoka. Unaweza kumfanya sungura mwoga, mwizi, mlevi, kwa sababu sungura hana mke atakayeirudisha sahani nyumbani. Lakini ukimchukua mtu anayekula na kulala, ukamtia ndani ya hadithi kwa jina lake, basi zunguka na taa. Mulika na ukuta uliokupa mgongo. Jiulize mwenye hadithi huyu alikuwa wapi asubuhi. Mara nyingi anayesimulia ndiye anayejificha nyuma ya taa.

Na uangalie sana mwisho unapokuja mtamu. Wasikilizaji wakiguna wote pamoja, wewe nyamaza kidogo, ujiulize nani hayupo pale.

Ukiandika ya shimo, iandike yote, na mimi ndani yake, na mcheko wa kundi la jirani, na kibuyu cha maji. Walimu wako huenda wasiipende sana, maana haina shujaa. Ukiona huwezi, andika ya Alimasi na kamba yake. Nimemwomba ruhusa, amesema, "Aandike, lakini aseme sasa mi nimenona."

Sasa ombi langu, na una haki ya kulikataa. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, imekunjwa mara mbili, ina jina la Asukulu juu yake. Hajui kusoma. Amisi amenikubalia kwamba lori litasimama Mboko muda wa kutosha, wakipakia samaki. Nyumba yake ni ya tatu baada ya kivuko cha mto, upande wa ziwa, yeyote atakuonyesha. Mwambie wewe ni Feza wa Etabo. Halafu mwambie awaite mke wake na majirani, usome kwa sauti, uanzie kwenye mstari wa kwanza. Sikuomba msamaha katika karatasi ile, maana ningeomba ningekuwa namwekea kazi nyingine begani, kama ule mti. Nimeandika asubuhi ile tu, namna alivyogonga, namna alivyosema, nani alimtuma, nani alimwondoa Lumona karibu na ngazi.

Usidhani nakutuma wewe ili mimi nipone. Nimemwomba kapita, msimamizi wetu, ruhusa ya mwisho wa mwezi, na Amisi amekwisha kuniwekea nafasi kwenye lori. Nitasimama lubunga, mbele ya Mzee Mlondani, na nitaanza upya. Mama yake Lumona bado yu hai, naye lazima asikie, hata kama atataka kunidai machozi yake. Nakuandikia hivi ili uwe na cha kunidai. Mwezi ukiisha uniandikie swali moja tu: "Baba, ulisimama?"

Lakini Asukulu asikie kwanza. Mara hii yeye ndiye awe wa kwanza kupata habari.

Huenda atakaa kimya. Huenda atakufukuza, na akikufukuza usimjibu, rudi kwenye lori, karatasi umwachie. Huenda atakuuliza kama ni wewe yule mtoto aliyembeba mgongoni akiwa na homa. Mwambie ndiyo. Kuhusu ile michezo yako ya uwanjani usimwambie, hiyo ni dhambi yangu na si yako.

Na huenda, kwa kuwa ninawajua watu wale, Mama Bitisho ataingia jikoni, atoke na sahani. Amisi atapiga honi. Watu wa lori watakuita. Wewe kaa chini, mama yangu. Nawa mikono. Kula mpaka sahani iwe nyeupe, hata kama umeshiba.

Mimi baba yako,
Etabo